Naomba Mturudishie Tumbo la Mama Kabla ya Jumamosi

Mheshimiwa Daktari Mkuu,
Idara ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito.

Kuhusu: Ombi la kurudishiwa sehemu ya tumbo iliyoondolewa kwa mama yangu

Shikamoo Daktari. Kama huko kwenu watu hawapeani shikamoo, ipokee hivyo hivyo, si lazima uijibu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua mna mkalimani, yule ambaye Shangazi anasema hucheka kwanza ndipo atafsiri. Namwomba naye acheke akishamaliza.

Kabla ya malalamiko, kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote. Nimeona nianze nalo, usije ukaligundua mwenyewe ukaniona mwongo katika mengine yote. Ile fomu ya maswali arobaini mliyotuma kabla ya kumpokea Mama, mimi ndiye niliyeijaza. Mama alikuwa akishona huku anajibu, nami nikiandika. Majibu thelathini na tisa ni yake. Jibu la swali la kumi na nne ni langu. Swali liliuliza, "Kwa nini unataka kufanyiwa upasuaji huu?" Mlisoma pale neno moja: "Magoti." Mama hakusema magoti. Alichosema nitakiandika nikipata ujasiri, labda mwishoni mwa barua hii, labda siku nyingine.

Mimi ni binti yake. Niko kidato cha tatu. Mama ni fundi wa nguo, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu na pazia la wateja wa kujipima. Baba anafundisha udereva. Shangazi, dada yake Baba, ni msusi, na ndiye aliyemsindikiza Mama huko kwenu. Tangu arudi anasema "sisi tulipofanya upasuaji."

Nakiri kwamba kazi yenu mliifanya vizuri. Jeraha lilifunga, sukari imeshuka, na Mama anawasifu kwa kila mteja anayekuja kupunguziwa sketi. Malalamiko yangu ni juu ya mambo mengine, nayo ni haya yafuatayo.

1. Maandalizi. Karatasi yenu iliagiza kwamba wiki mbili kabla ya safari Mama asile kitu cha kutafuna, anywe tu, ili ini lipungue na kumwachia mpasuaji nafasi. Hilo nililielewa. Lakini chini mliongeza mstari unaosema, "Familia imuunge mkono mgonjwa," bila kueleza vipi, na kila mtu akauelewa anavyojua. Baba alielewa kwamba asile mbele ya Mama, kwa hiyo akawa anakula chakula chake ndani ya gari la kufundishia, uani, sahani mapajani. Mama alikuwa akimwona vizuri kabisa kupitia dirisha la karakana. Siku ya pili alinituma: "Kamwambie baba yako afunge mkanda, asije akafunga breki mchuzi ukamwagika." Shangazi alielewa kwamba naye anywe tu, akatangaza hivyo mbele ya wateja, akadumu mpaka saa nne asubuhi.

Mimi nilipewa kazi ya usimamizi, kwa sababu mliandika kwamba ateuliwe mtu mmoja mwenye msimamo. Mimi sina msimamo. Nina mwandiko mzuri. Nilichora ratiba kwa rula na rangi tatu, nikaibandika kwenye mlango wa jokofu. Na hapo ndipo lilipo lalamiko langu: Mama aliitii. Mama ambaye hajawahi kunikubalia hata rangi ya pazia alikunywa kila nilichoandika, kwa saa niliyoandika. Siku ya nne nilimkuta amesimama mbele ya jokofu, kidole juu ya mstari wa alasiri, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Saa kumi umeniandikia nini?" akauliza.

Nikamwambia supu.

"Ya nini?"

Nikamwambia ni maji ya supu tu, vingine vyote vimechujwa.

"Haya, mkuu," akasema, akarudi kwenye cherehani. Daktari, si vizuri mtoto kupewa madaraka kama hayo bila mafunzo.

2. Sare. Wiki ya mwisho kabla ya safari Mama alisimamisha kazi za wateja akanishonea sare. Hakushona moja. Alishona ya mwaka huu, ya mwaka kesho na ya mwaka kesho kutwa, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na pindo pana ndani ili iweze kushushwa na fundi yeyote. Alisema kitambaa kilikuwa kimebaki. Hakikuwa kimebaki, alikinunua mwenyewe, niliona karatasi ya duka. Mimi ndiye niliyemtafsiria ukurasa wa saba wa maelezo yenu, ule wenye hatari zinazoweza kutokea, na nilipofika mstari wa tatu niliuruka. Nadhani alinisikia nikiuruka, kwa sababu sauti yangu hubadilika. Basi mkamrudisha salama, akishuka kwenye gari mwenyewe huku ameukumbatia mto mdogo tumboni. Sare mbili bado zimening'inia kabatini, zinanisubiri. Kila nikifungua kabati nakumbuka ile wiki. Mtu aliyejiandaa hivyo kisha akarudi angepaswa angalau kupewa maneno ya kuwaambia watu nyumbani. Ninyi mlimpa vitamini.

3. Kupona. Mlisema anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima, kwa kikombe kidogo cha dawa mlichompa. Kikombe kilipotea safarini. Shangazi anasema kilipotea kwenye mkoba wa Mama, Mama anasema kwenye mkoba wa Shangazi. Mama hakusumbuka. Alichukua subana, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni anaposhona kwa mkono, akakichemsha, akawa ananywea. Subana moja, kisha mishono kumi, subana nyingine, mishono kumi. Wateja walidhani ni dawa ya kienyeji. Wawili waliomba.

Alipofikia chakula laini, mkasema atafune kila tonge mara ishirini na tano. Mama huhesabu kila kitu kama anavyohesabu mishono, kwa midomo, bila sauti. Tukawa tunakaa mezani tunamtazama midomo. Baba ana ugonjwa wa kazi: akiona jambo linakwenda kasi, mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Mama akiinua kijiko, Baba anakanyaga chini ya meza. Akitafuna kumi na nane akaonekana anataka kumeza, Baba anakanyaga mara mbili. Siku moja Mama aliweka kijiko chini, akasema, "Mume wangu, nimefuzu, nipe leseni," nasi tukacheka mpaka akalazimika kuushika ule mto wake tumboni, kwa sababu mishono ilikuwa bado mibichi na mlikuwa mmemwonya kuhusu kukohoa bila kumwonya kuhusu Baba. Hilo nalo ni pengo katika karatasi zenu.

4. Kilo zilizohama. Mama amepungua kilo thelathini na moja. Mwalimu wetu wa sayansi anasema kitu hakipotei, hubadilisha mahali. Niliposikia hivyo nilichukua mizani mliyotuagiza tununue nikaanza uchunguzi. Kwa miaka yote nyumbani kwetu Mama alipakua wa mwisho na kumaliza tulichobakiza: ukoko wa Baba, pembe za mkate wangu, nusu ya yai la Shangazi anayepita tu kusalimia. Hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo kwa jina, ni kama vile maji yanavyoshuka kwenye mfereji. Mlipoziba mfereji, chakula kikabaki mezani kinatutazama. Baba akasema ni aibu kutupa. Matokeo ni haya: Baba ameongezeka kilo saba. Mimi nne. Shangazi hakubali kupanda mizani, lakini kwa jinsi kiti chetu kinavyompokea namkadiria tisa. Jumla ishirini. Kilo kumi na moja hazijulikani zilipo, na ninamshuku paka wa jirani, ambaye zamani alipita kati ya nondo za dirisha na sasa anabisha mlangoni.

Kwa maneno mengine, hamkupunguza uzito wowote. Mmeugawa.

5. Kiti. Zamani, Mama akitaka kuja chumbani kwangu, kiti cha cherehani kilitoa taarifa. Kililia mara moja anapoegemea mbele, mara ya pili anaposimama, kisha mbao za korido zikajibu. Jumla nilikuwa na muda wa kumaliza ukurasa, kuficha kitabu cha hadithi chini ya kitabu cha hesabu, na kuweka sura ya mtu anayetafuta thamani ya herufi. Sasa kiti hakisemi kitu. Mbao hazisemi. Nageuka namkuta Mama nyuma yangu anasoma juu ya bega langu, na kibaya zaidi, anauliza, "Huyu bwana ataoa yule wa kwanza au yule mkorofi?" Tangu mwezi uliopita amesoma vitabu vyangu vitatu, na viwili alinieleza mwisho kabla sijafika.

6. Gauni. Nywele za Mama zilipoanza kupukutika mwezi wa nne baada ya upasuaji, kama mlivyotabiri, Shangazi alishughulikia, hilo halina malalamiko. Nguo ndizo tatizo. Mama hupunguza magauni yake kila wiki mbili. Hukata pembeni, hushona upya, na vipande hutupia kwenye kikapu. Mwanzoni nilidhani vinatupwa. Wiki iliyopita aliniita nisimame mbele ya kioo, akanivisha gauni lililoungwa kwa vipande hivyo, bluu ya lile la harusi ya jirani, kijani ya la sikukuu, maua madogo ya lile la kila siku. Limeungwa kwa ustadi hivi kwamba lazima uambiwe. Nikauliza ni la nini. Akasema, "La Jumamosi." Sasa, Daktari, nimevishwa kilo thelathini na moja za mama yangu, nami nilikuwa nikitafuta namna ya kuugua ifikapo Ijumaa. Hapo ndipo lalamiko la sita linapogeuka kuwa la saba.

7. Ngazi. Darasa letu liko ghorofa ya tatu.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, wiki ya pili, nilisahau daftari nyumbani, Mama akaniletea. Alifika ngazi ya tisa akashika reli kupumzika. Kuna msichana tunayemwita Redio, kwa sababu hazimwi. Alichungulia kutoka juu akasema, "Jamani, tushukeni sisi kwanza, hili jengo lina watoto wa watu." Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nilicheka haraka, ili nionekane nimeuelewa utani. Kisha nikashuka mbio nikachukua daftari, nikamwambia Mama asisumbuke kupanda tena. Sijui kama alisikia. Ngazi ya tisa iko chini sana, lakini ngazi zile hushusha sauti.

Tangu hapo, siku ya wazazi ilikwenda hivi. Mama alikaa chini kwenye benchi la mlinzi, mkoba mapajani. Mimi nilipanda, nikapokea ripoti, nikashuka, nikamsimulia maneno ya mwalimu wa darasa huku nikiyapunguza pembeni kama magauni. Kila mara Mama aliuliza, "Na mwalimu hawezi kushuka kidogo?" Nikajibu kwamba ana wazazi wengi. Na kila mara mwalimu aliuliza, "Mama yako yuko chini? Ngoja nishuke nimsalimu." Nikajibu kwamba ameshaondoka. Mpango huu ulifanya kazi kwa miaka miwili na nusu bila hitilafu. Ulitegemea kitu kimoja tu, kwamba Mama hawezi kupanda. Kisha mkaja ninyi.

Mlimwagiza atembee. Akaanza na korido, kutoka cherehani hadi jikoni. Halafu uani, akilizunguka gari la Baba. Halafu mtaani hadi duka la vifungo. Halafu akaanza kuuliza majengo gani yana ngazi. Nilipaswa kushtuka. Mwezi uliopita, Ijumaa, siku ambayo hata si ya wazazi, nilisikia darasa limenyamaza, nikainua macho, na Mama alikuwa mlangoni. Hakuwa anahema. Alikuwa amevaa gauni lililopunguzwa mara tatu.

Mwalimu aliinuka akatabasamu. "Karibu, Mama. Miaka miwili na nusu nasema nitashuka nikusalimu, binti ananiambia umeshaondoka."

Mama alinitazama kidogo, kama anavyotazama pindo lililokwenda upande. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Mimi huwa na haraka, mwalimu," akasema. "Leo sina."

Wakaongea kwa dakika ishirini. Mwalimu akamweleza kwamba insha yangu ilichaguliwa kusomwa mbele ya wazazi siku ya wazazi ijayo, Jumamosi, ila nilisema nyumbani hawajakubali. Nyumbani hawakuwa wamekataa, hawakuwa wameulizwa. Mwalimu akatoa karatasi ya ridhaa. Kalamu ikagoma, Mama akatoa penseli yake ya kuchorea vitambaa, akasaini. Hakuuliza insha inahusu nini. Daktari, insha ile inamhusu yeye. Inaitwa "Kazi ya Mikono," na inaeleza jinsi anavyompima mtu bila kumwaibisha: anavyozungusha utepe kiunoni kwa mteja huku akimwuliza habari za watoto, na jinsi anavyoandika namba bila kuitamka. Niliiandika kwa kudhani itasomwa na mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu.

Tulishuka pamoja. Nilingoja anigombeze kwenye ngazi ya kwanza, ya kumi, ya ishirini. Aliposhuka ya mwisho alisema, "Hamsini na nne. Nilidhani ni mia." Mpaka leo hajasema lolote zaidi. Ananipikia, ananipima gauni, anasoma vitabu vyangu. Mngekuwa mmemrudisha na hasira ningejua pa kuanzia.

Kwa hiyo, kwa heshima, naomba yafuatayo, mojawapo litanitosha.

(a) Mturudishie kile kipande cha tumbo mlichokitoa, kikiwa kwenye barafu, pamoja na maelezo ya kukirudisha mahali pake. Mama ana sindano za kila aina na mkono wake hautetemeki. Akishakirudisha, kilo zitarudi, Baba atapungua, paka atapita dirishani, kiti kitaongea, na ngazi zitakuwa mia kama zilivyokuwa.

(b) Kama mmekipoteza, kama kilivyopotea kikombe, basi mtume barua yenye mhuri wenu ikimkataza Mama kupanda zaidi ya ghorofa ya kwanza mpaka nimalize shule. Anaamini mihuri.

(c) Kama hilo nalo ni gumu, mnipokee mimi. Sina uzito wa kupunguza zaidi ya zile kilo nne za mabaki. Lakini kama mnaweza kutoa kitu tumboni mwa mtu, pengine mnaweza kutoa hiki ninachokisikia nikifikiria Jumamosi, Mama akiwa amekaa safu ya mbele na Redio nyuma yake.

Nitashukuru kupata jibu kabla ya Ijumaa mchana, kwa sababu jioni Mama anamalizia pindo.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule aliyemfundisha Shangazi kulala chali. Msalimie mkalimani. Wasalimie wanaosukuma vitanda, na mpishi wenu wa supu zilizochujwa, mwambie namhurumia. Baba anakusalimu bila kujua kwamba nakuandikia. Shangazi anauliza kama "sisi" tunaruhusiwa soda. Mama hajambo kabisa, na hilo ndilo lalamiko langu.

Ni mimi, msimamizi wa ratiba,
binti wa mgonjwa wenu wa kitanda cha dirishani.

Nyongeza, Jumapili.

Daktari, barua hii haikuondoka. Alhamisi nilihitaji anwani yenu, na anwani iko kwenye bahasha ambayo Mama anaitunza ndani ya daftari lake la vipimo vya wateja. Nilikwenda kumwomba. Alikuwa amepiga magoti sakafuni akinipangia pindo la gauni, pini mdomoni, nami nimesimama juu ya kigoda. Sijui ni kwa sababu hakuweza kujibu, au kwa sababu nilikuwa juu na yeye chini, lakini nilimwambia. Nilimwambia kuhusu swali la kumi na nne.

Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Zilikuwa saba.

"Najua," akasema. "Mkalimani alinisomea fomu yote kabla ya kuniingiza chumba cha upasuaji. Alipofika kwenye magoti nikamwambia, futa hiyo. Nikamwambia aandike nilichosema."

Kwa hiyo wewe, Daktari, umejua muda wote huu, na ungamo langu la mwanzo ni habari ya zamani. Lakini kwa kuwa niliahidi, naandika mwenyewe alivyosema siku ile kwenye cherehani, nami nikamsikia vizuri: "Andika nataka kupanda ngazi za shule ya mwanangu, nimwone mwalimu wake kwa macho yangu."

Nilimwuliza kama siku ya daftari, pale ngazi ya tisa, alisikia.

"Nilimsikia yule," akasema. "Na wewe nilikusikia." Akarudisha pini mdomoni, akaniinua mkono kama anavyowainua wateja, akaangalia upande, akaendelea na pindo. Nililia kidogo. Aliniacha nilie, ila alinigonga kifundo cha mguu mara mbili nisimame wima.

Jumamosi tulipanda wote. Alipumzika mara moja, kwenye ngazi ya thelathini, nami nikapumzika naye, Baba akajifanya anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Nilisoma insha yangu. Nilianza kwa kasi mno, kisha nikamwona Baba safu ya mbele anakanyaga breki, nikapunguza mwendo. Nilipofika mahali pa utepe na namba zisizotamkwa, Mama aliinamisha kichwa akaanza kuhesabu kitu kwa midomo. Sikuweza kujua ni nini.

Baada ya hapo Redio alikuja, akamwamkia, akauliza kama anashona magauni ya mahafali. Mama alitoa utepe mkobani akampima pale pale, na nasikitika kusema kwamba siku hiyo namba alizitamka. Aliniambia niziandike. Niliziandika.

Naondoa malalamiko yote isipokuwa la nne, kwa sababu Baba sasa ameongezeka kilo nane. Msitume barafu.

Fomu yenu ya miezi sita imefika jana. Nimeijaza leo asubuhi, Mama akiwa kwenye cherehani. Swali la tisa linauliza kama kuna jambo ambalo mgonjwa hakuweza kulifanya zamani na sasa analiweza. Alisema, "Ngazi hamsini na nne. Napumzika kwenye ya thelathini. Mwanangu ananingoja." Nimeandika hivyo hivyo, neno kwa neno, nikamsomea, akasema sawa. Nimeiambatisha.